Aliugua kwa Muda Mrefu

Soma kwa ajili ya somo hili: Walawi 14:33–42, 2 Nyakati 16:10–14, Ezekieli 18:1–4, Marko 5:25–34, Yohana 9:1–3.

Katika mazishi mengi ya kanisa, mmoja wa wanafamilia husimama na kusoma wasifu wa marehemu. Hutaja mwaka wa kuzaliwa, shule alizosoma, tarehe ya ubatizo na jina la mchungaji aliyembatiza, huduma alizoshika kanisani, idadi ya watoto na wajukuu. Akifika kwenye ugonjwa, maneno huwa yaleyale: aliugua kwa muda mrefu, akatibiwa katika hospitali mbalimbali, hatimaye akalala katika Bwana. Huenda binti za marehemu wamekaa mstari wa mbele, nao hawajui kwamba mama yao amekufa kwa saratani ya titi. Huenda pia hawajui kwamba mama yao mdogo, aliyezikwa wao wakiwa watoto, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Wazee wanajua. Wamenyamaza kwa heshima.

Swali la somo hili ni hili: je, jina la ugonjwa ni mali ya mgonjwa peke yake, au wale wa damu yake wanalidai?

Mwenye kutetea ukimya ana hoja nzito, wala haifai kumpuuza. Ugonjwa ni siri ya mwili wa mtu, na Mithali 11:13 humsifu mwenye kusitiri jambo. Tena watu wana ulimi. Ukoo ukijulikana kuwa na saratani, wachumba husita, na majirani huanza kunong'ona habari za laana au uchawi. Miongoni mwa Waadventista kuna uzito mwingine juu ya huo. Washiriki wamefundishwa ujumbe wa afya tangu utoto: hawavuti sigara, hawanywi pombe, wengi hawali nyama. Mzee wa kanisa aliyeishi hivyo akiambiwa ana saratani, huona kama ameletewa mashtaka. Watasema alikuwa anakula kwa siri. Kwa hiyo hunyamaza ili asiaibishe ujumbe.

Hofu hiyo imejengwa juu ya kutoelewa. Watafiti wa Loma Linda, California, wamefuatilia afya ya Waadventista tangu mwaka 1958, na wameona kwamba saratani ni chache kwao kuliko kwa watu wengine. Ni chache, lakini zipo. Ujumbe wa afya hupunguza hatari. Haukuahidi kamwe kumwondolea mtu urithi wa mwili wa Adamu. Na wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alikataa swali lenyewe. Ezekieli naye aliikataa methali iliyowatwika watoto hatia ya baba zao. Mtoto anaweza kurithi udhaifu wa mwili pasipo kurithi hatia yoyote, na ukoo unaolielewa hilo hauna sababu ya kuona haya.

Inafaa pia kuona jinsi Biblia yenyewe inavyoandika wasifu wa watu. Habari za mfalme Asa zinataja kiungo kilichougua, yaani miguu, mwaka ugonjwa ulipoanza, ambao ulikuwa wa 39 wa kutawala kwake, na jinsi ulivyozidi. Hezekia anatajwa kwa jipu lake na dawa ya tini iliyowekwa juu yake. Wapo wanaomtumia Asa kuwazuia wagonjwa wasiende hospitali, kwa kuwa aliwatafuta waganga asimtafute Bwana. Lakini aya ya 10 inaonyesha kwamba moyo wake ulikuwa umegeuka kabla ya miguu kuuma: alimfunga gerezani mwonaji aliyemkemea. Kosa lake lilikuwa kumwacha Bwana. Hezekia alimlilia Bwana, na Isaya, nabii wa Bwana, ndiye aliyeagiza ile dawa.

Soma sasa Walawi 14:33–42. Sheria hii ya pigo katika nyumba husomwa haraka, au hurukwa. Mwenye nyumba akiona madoa ukutani, anapaswa kwenda kwa kuhani na kusema kwamba anaona kitu kinachofanana na pigo. Hatakiwi kujua ni nini. Kupima na kuamua ni kazi ya kuhani, ambaye hutazama, hufunga nyumba siku saba, kisha hurudi kutazama kama doa limeenea. Mwenye nyumba ana wajibu mmoja tu, na hakuna awezaye kumfanyia: kuona na kusema mapema. Doa likitangulia kuonekana, hutolewa mawe machache. Likienea tena baada ya matengenezo, nyumba yote hubomolewa.

Mambo ya mwili huenda vivyo hivyo, na tatizo kubwa ni kwamba saratani changa mara nyingi haiumi. Mwanamke huona uvimbe kwenye titi, anaubonyeza, hauumi, anashukuru Mungu na kuendelea na kilimo. Kutouma si dalili njema. Uvimbe wowote mpya wa titi upelekwe kwa mganga, pia ngozi ya titi iliyoingia ndani au kuwa kama ganda la chungwa, na chuchu inayotoa damu. Damu inayotoka ukeni nje ya siku za hedhi, baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, isingojewe hata mwezi mmoja. Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na uchunguzi wake wa kutumia siki hufanywa hata katika vituo vya afya, ukitafuta mabadiliko ambayo bado hayajawa saratani. Chanjo ya wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Kuna na dalili nyingine: chakula kinachokwama kooni, kwanza ugali kisha hata uji, kidonda kisichopona, damu katika choo kikubwa, kukonda bila sababu, doa jeusi la unyayoni linalokua. Mara nyingi si saratani. Ndiyo maana kuna kuhani wa kuamua.

Lakini kuna ishara isiyoonekana katika mwili wa mtu hata ajichunguze kila siku, kwa sababu imo katika habari za ndugu zake.

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, Marekani, mshonaji mmoja wa nguo alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba anatarajia kufa mapema. Alieleza kwamba watu wengi wa ukoo wake walikufa kwa saratani za tumbo na za viungo vya uzazi, naye hakuona sababu ya kuachwa. Daktari angeweza kumtuliza kwa maneno mazuri. Badala yake alianza kukusanya habari za ukoo ule, tawi kwa tawi, na mwaka 1913 alizichapisha akiuita ukoo huo kwa herufi G tu. Yule mshonaji alikufa kwa saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya kuzeeka, kama alivyosema. Daktari Henry Lynch aliiendeleza kazi hiyo miaka mingi baadaye, na mwaka 2000 watafiti walionyesha kasoro ya jeni iliyokuwa ikipita katika ukoo huo. Mzazi mwenye kasoro hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa nafasi moja kati ya mbili. Leo wenye hali hiyo huchunguzwa utumbo kwa kamera mara kwa mara, na vinyama vidogo huondolewa kabla havijageuka.

Miaka hiyohiyo, katika jimbo hilohilo, Waadventista wa Battle Creek walikuwa wakihubiri matengenezo ya afya kwa bidii: maji, hewa safi, chakula cha mimea. Yote ni mema. Hayakuweza kumfundisha mshonaji yule jambo alilolijua kwa kuhesabu makaburi ya kwao.

Saratani nyingi hazirithiwi. Hukadiriwa kwamba kati ya 100, ni 5 hadi 10 tu zinazotokana na kasoro iliyorithiwa. Kwa hiyo kifo kimoja katika ukoo kisimtie mtu hofu. Ndugu wawili au watatu wa upande mmoja wenye ugonjwa wa namna moja, au mmoja aliyeugua akiwa kijana, hilo ni jambo la kumweleza daktari. Lakini nani atalieleza, ikiwa hakuna aliyeambiwa?

Marko 5 inaonyesha mpaka wa wajibu huu. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alikuja kwa nyuma, kwa kificho, naye alikuwa amekwisha kupona Yesu alipogeuka na kuuliza ni nani aliyemgusa. Jairo alikuwa amesimama pale akingoja, binti yake yu mahututi. Hata hivyo Yesu alisimama. Hakumtangaza. Hakutaja damu, wala miaka, wala mali aliyoimaliza kwa waganga. Alingoja aseme mwenyewe, na aliposema yote alimwita binti na kumpa amani. Basi wanaomtunza mgonjwa hawana ruhusa ya kutoboa siri yake sokoni, wala mimbarani kwa jina la maombi. Mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye kusema, na wanaostahili kuambiwa kwanza ni wale watakaoishi na mwili uliofanana na wake. Akiisha kufa, wajibu huo huwaangukia waliojua.

Kuna baba mwenye jicho moja ambaye watoto wake huambiwa kwamba lile jingine lilichomwa na mwiba. Kweli ni kwamba alitolewa jicho akiwa mdogo kwa sababu ya saratani ya jicho, ambayo aina yake moja hurithiwa. Sasa mkewe amejifungua. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe katika picha, au jicho likianza kwenda upande, siku chache zaweza kuwa tofauti ya jicho kuokolewa au kupotea, na hata uhai. Mtoto wa baba kama huyo huhitaji kuchunguzwa macho tangu kuzaliwa, hata kama hakuna kitu kinachoonekana. Mkewe anaujua ule mwiba tu.

Maswali ya kujadili

1. Katika Walawi 14:36 nyumba hutolewa vyombo kabla kuhani hajaingia, ili mali isitiwe unajisi. Sheria hii inafundisha nini kuhusu kumhurumia mtu anayekuja kueleza wasiwasi wake?

2. Dada mmoja anamwomba shemasi asimwambie mtu yeyote kwamba ana saratani ya titi. Ana binti wawili watu wazima. Shemasi afanye nini leo, na afanye nini dada huyo akifa bila kusema?

3. Mwanachama wa darasa lenu akitaka kujua babu na bibi zake wanne walikufa kwa ugonjwa gani, amwulize nani, na ni nani kati ya wazee hao aliye hai bado?