Sindano na Jamaa Zake

Mtu akiwekewa mezani sindano, pini na uzi, akaulizwa sindano ni jamaa ya kipi kati ya hivyo viwili vingine, atajibu nini? Aliyetoka shuleni juzi atashika pini, maana sindano na pini ni vyuma vyembamba vyenye ncha. Bibi aliyeshona maisha yake yote atashika uzi, na yamkini atamshangaa muulizaji, kwa kuwa sindano bila uzi haina kazi duniani. Majibu yote mawili ni ya watu wenye akili. Nataka kuuliza ni kwa haki gani jibu la kwanza limepewa cheo, na la pili likahesabiwa kuwa dalili ya uchakavu.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Sandra Smiley na Ann Brown, walichapisha uchunguzi uliolinganisha watu wa umri mbalimbali, tangu watoto wasioanza shule hata wazee. Watoto wadogo na wazee walipenda kuunganisha vitu kwa shughuli inayovikutanisha. Wanafunzi wakubwa na vijana wa chuo waliviunganisha kwa jinsi yao. Mwenye haraka atasema kwamba uzee ni utoto wa pili. Lakini wachunguzi wenyewe waliona kuwa tofauti hiyo ni ya mapendeleo, wala si upungufu wa maarifa. Mzee hajasahau kuwa pini ni chuma. Haoni tu kwamba jambo hilo lastahili kutangulizwa. Shule hutufunza kuvitoa vitu mahali pake na kuvipanga kwa majina. Huo ni ufundi mkubwa, na pasipo huo hapana elimu ya mimea wala sheria. Walakini mtu akikaa miaka 40 bila kuulizwa maswali ya darasani, vitu hurudi mahali pake.

Sitaki kuwapamba wazee kwa sifa zisizo zao. Ubongo hubadilika kweli. Mwaka 2002, huko Marekani, Kara Federmeier, Marta Kutas na wenzao walipima umeme wa ubongo wa vijana na wazee waliokuwa wakisikiliza maneno. Chukua habari ya watu waliotaka hoteli yao ifanane na nchi za joto, wakapanda safu za mitende. Kijana huitazamia mitende kabla haijatajwa. Ukimtajia misonobari badala yake, ubongo wake hupata taabu ndogo kuliko ukimtajia maua ya tulipu, kwa kuwa msonobari nao ni mti. Kwa wazee wengi nafuu hiyo haikuonekana. Ila wale wenye wepesi wa maneno walifanana na vijana. Basi umri peke yake hausemi yote.

Mambo haya yalinifikia nyumbani. Kipimo cha fikra kilichotolewa Montreal mwaka 2005, kinachotumika sasa katika nchi nyingi, huuliza gari la moshi na baiskeli vyafanana kwa nini. Anayesema ni vyombo vya kusafiria hupata alama. Anayesema vina magurudumu hapati. Kabla ya hapo hutolewa mfano wa ndizi na chungwa. Shangazi yangu, mwenyeji wa Bukoba, aliulizwa mfano huo katika hospitali moja. Akajibu: "Havifanani, daktari. Ndizi ni chakula. Chungwa ni la kuwapa watoto." Daktari kijana akaandika, akapita. Nje walingoja wanawe, kwa sababu shangazi alitaka kumpa kipande cha shamba mjukuu aliyemuuguza, na karatasi ile ingeweza kuitangua hiba yake.

Simlaumu daktari kwa kuuliza. Maradhi ya kusahau yapo, na jamaa wanaoyaficha kwa heshima huwaumiza wagonjwa wao. Hata hivyo watungaji wa kipimo walijua kuwa shule ina sehemu yake: mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama 1. Fauka ya hayo, mtu akiujibu mfano kwa namna nyingine, muulizaji ameruhusiwa kumwambia mara moja, "Niambie namna nyingine vinavyofanana." Siku ile maneno hayo hayakusemwa. Ni maneno machache mno, na shamba la mtu lilining'inia juu yake.

Jioni nilimwuliza mwenyewe. "Shangazi, mwuzaji akiweka ndizi na machungwa katika kikapu kimoja, ataviitaje?"

Akacheka. "Matunda, mwanangu, kama ndizi ni mbivu. Mbona hakusema kuwa ni mbivu?"