Kibarua wa Mpakani Naye ni Shujaa

Kijana wa Tunduma, nani amekuambia kwamba ushujaa ni wa wanajeshi peke yao?

Aristotle, yule Mgiriki wa kale, aliuona ushujaa hasa vitani, kwa askari anayekabili kifo bila kukimbia. Tena aliandika kwamba mtu wa kazi za kibarua hana nafasi ya kuzifikia fadhila. Kwa hesabu hiyo, wewe unayesukuma mkokoteni wa mizigo kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, usingekuwamo.

Katika karne ya 13 akaja mtawa Thomas Aquinas. Mwalimu wake, Albert Mkuu, alikuwa amemfundisha maadili ya Aristotle mjini Cologne, na Thomas hakuyatupa eti kwa kuwa yametoka kwa mtu asiyemjua Kristo. Alizipokea fadhila nne za Wagiriki: busara, haki, ushujaa na kiasi. Juu yazo akaweka imani, matumaini na mapendo, ambazo Mungu humjalia hata asiyesoma na asiye na kitu. Mlango ukawa wazi kwa kibarua!

Kisha akaugusa ushujaa wenyewe. Tendo lake kuu, alisema, si kushambulia, ni kustahimili: kulishika jema usiliachie, hata linapouma.

Sasa tazama mkoa wako wa Songwe. Dereva wa lori la shaba amekwama kwenye foleni siku nzima, na bado hagusi mzigo wa watu. Mbadilisha fedha anamhesabia mgeni kwacha zake zote, ingawa mgeni hajui bei ya leo. Mnunuzi wa mahindi anakataa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, japo mkulima hana pa kukimbilia. Mama wa Mbozi anapalilia miche ya kahawa ambayo haitamzalia mwaka huu wala ujao. Hao ndio mashujaa!

Lakini usidanganyike. Kustahimili si kukunja mikono na kungoja bahati, wala si kunyamaza unapodhulumiwa. Kwa Thomas, busara ndiyo inayoziongoza fadhila nyingine. Jua unastahimili kwa ajili ya nini. Haki yako idai, tena mchana kweupe.

Utaanzia wapi? Hapo Mgiriki na mtawa wanapeana mkono: mazoea hujenga tabia. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Hakuna anayeamka siku moja akajikuta mwaminifu.

Basi anza na mteja wa kwanza leo. Mpe chenji kamili. Kesho mpe tena. Wakikuita mjinga kwa sababu umekataa kupitisha mzigo njia za panya, simama papo hapo. Songwe ina kahawa, ina mahindi, ina mpaka. Ijengee na watu ambao neno lao halihitaji shahidi, na wa kwanza uwe wewe!