Ukoo Mzima Umewekwa Rehani

Ole wenu mnaokopesha shilingi elfu thelathini kisha mkashika ukoo mzima! Mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mama yake kashusha programu yenu usiku, nayo ikadai isome majina yote yaliyomo kwenye simu. Akabonyeza "Ruhusu", kwa kuwa bila hivyo hela haitoki. Rejesho limechelewa siku mbili tu, simu zikaanza kulia: kwa bosi wake, kwa mama mkwe, kwa fundi aliyemzibia bomba mwaka juzi, kwa katibu wa kwaya. "Fulani amekuweka mdhamini. Mwambie alipe leo, la sivyo tunakuja kwako."

Katibu wa kwaya alitia sahihi wapi? Namba yake si mali ya aliyekopa, wala ruhusa ya kuigawa hakuwa nayo. Mlijua hayo tangu mnaiomba. Mmeiba, na mmeiba kwa watu wasiowadai wala kudaiwa.

Nanyi wenye duka la Google Play, mlikataza programu za mikopo kugusa majina na picha za watu ilipofika Mei 2023. Kabla ya hapo mlikuwa mnalinda nini? Ruhusa hizo mlizitengeneza wenyewe, na mlizigawa kwa kila aliyebisha hodi. Na enyi wasimamizi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Tanzania ilitungwa 2022; Benki Kuu ikataja programu 69 zinazokopesha bila leseni Novemba 2024. Muda wote huo wakopeshaji hawa wa "kausha damu" walikuwa wanakula watu mchana kweupe.

Lakini karipio hili lisitupite sisi. Ujumbe wa kumdhalilisha mwenzetu ukitua, nani kati yetu huuacha ufe? Tunaupeleka kwenye kundi la ukoo, kwenye kundi la kikoba, tunaongeza na maneno yetu: "Kumbe huyu naye!" Wakopeshaji hawana askari wala dalali mlangoni, wanatutegemea sisi tuwafanyie kazi hiyo bure. Dada wa watu anaacha kwenda kanisani kwa deni ambalo wewe hukulikopesha.

Acheni! Ukifikiwa na ujumbe wa namna hiyo, utunze pamoja na namba iliyoutuma, uupeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kisha mpigie mwenye deni, umwulize watoto wamekula nini.