Mtoro Alikwenda Wapi?

Matatu ilipofika kwenye njia panda ya Kisauni, makanga aligonga bodi mara mbili akaita, "Kengeleni! Wa Kengeleni washuke!" Mjukuu wangu wa miaka saba akachungulia dirishani. "Bibi, kengele yenyewe iko wapi?" Nimepita pale miaka mingi nikielekea Bamburi, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamshika mkono, tukashuka.

Kengele ipo, kando ya barabara, katikati ya honi na moshi. Nilimweleza kwamba mtaa huu wa Frere Town ulianzishwa na wamisheni miaka ya 1870, ukawa makao ya watu ambao manowari za Waingereza ziliwakuta baharini, wamesongamana ndani ya majahazi wakipelekwa kuuzwa. Wazee husimulia kwamba kengele ilikuwa ikipigwa kuwatahadharisha watu hatari ikikaribia. Alisikiliza, akaishika kidogo mikunjo ya leso yangu, kisha akauliza: "Na wale ambao meli haikuwaona?"

Swali hilo sikulala nalo vizuri. Sisi tulifundishwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, kwamba Unguja utumwa ulifutwa mwaka 1897 na pwani yetu mwaka 1907. Yote ni kweli. Lakini mtoto akipewa hayo peke yake, ataamini kwamba mtumwa alikaa kitako akingoja kalamu ya mtu mwingine.

Wengi hawakungoja. Mashamba ya mtama ya Malindi na Takaungu yalilimwa kwa mikono yao, na usiku wakajiondokea, mmoja mmoja au kina mama na watoto mgongoni, wakaishika njia ya bara, kwenye vichaka vya Wagiriama. Huko wakajenga makazi yao. Ya Fuladoyo ndiyo yanayojulikana zaidi: watu walijenga, wakalima vya kwao, wakasali. Kiongozi wao mmoja, David Koi, aliuawa mwaka 1883 waliokuwa mabwana walipowaandama. Watumwa wa mashamba ya pwani ya Somalia nao walikimbilia bonde la Mto Juba, na wazao wa Wazigua waliotoroka wangali wanasema Kizigua mpaka leo.

Jina lao ni watoro. Ndilo neno lile lile tunalomtupia mtoto aliyekosa shule. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na nimeliandika kwenye rejista mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Neno hilo tumelirithi kwa mwenye shamba. Kwake yeye, aliyeondoka ni mwizi aliyejiiba mwenyewe. Ningependa mtoto wa pwani alisikie kwanza kwa maana ya yule aliyeondoka, ndipo alisikie kwa maana ya rejista.

Wazazi wengine huniambia hayo ni mazito kwa watoto wadogo. Minyororo na viboko ni vizito, na sioni haja ya kumlaza nao mtoto wa miaka sita. Lakini safari anaielewa. Maswali yake ni ya safari: Walikula nini? Waliogopa fisi? Mtoto mchanga akilia, walifanyaje? Ukimjibu hayo kwa utulivu, ukamwambia walitembea usiku na kujificha mchana, kwamba wako waliowapokea na wako waliowarudisha, amekwisha kuielewa dhuluma yenyewe bila kuonyeshwa damu. Mtu haachi nyumba na moto wake akaingia porini usiku ila anapoondoka ni pabaya kuliko fisi.

Ninaloliogopa mimi ni jingine. Katika darasa moja la hapa kwetu wamekaa wajukuu wa waliotoroka na wajukuu wa waliowafuata, wanakula kwenye sinia moja, na wengi ni damu moja. Mabwana wengi walikuwa watu wetu, Waarabu na Waswahili wa miji hii. Ukisema ovyo, kesho mtoto atamwita mwenzake mtumwa uwanjani, na neno hilo huku bado linakata. Ndiyo maana majumbani tumenyamaza. Lakini kunyamaza kwetu hakujalifuta tusi hilo, kumemnyima tu anayetukanwa jibu lake. Mtoto anayejua kwamba babu wa babu yake alivuka nyika kwa miguu ana la kujibu.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Rabai, kwenye misheni ya zamani. Nilimsimulia habari za William Jones, Myao aliyeibwa utotoni, akakombolewa, akalelewa Nasik huko India, kisha akarudi na kuiongoza misheni ile. Aliwapokea watoro, ingawa wenye mashamba walitishia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo hapo Rabai, watoro waligawiwa hati za uhuru. Yapata watu 1,400 wa misheni za pwani walikombolewa kwa mpango huo, na fedha wakalipwa waliokuwa wakidai kuwamiliki.

"Na waliolima walilipwa nini?"

"Karatasi."

Alinyamaza mpaka tukafika stendi.

Jioni moja wiki hiyo nilisikia kelele uani. Amekusanya wenzake watano, kila mmoja ana kipande cha muhogo kwenye mfuko wa plastiki. Walikuwa wanabishana. Kila mtu anataka kuwa mtoro, hakuna anayekubali kuwa mwenye shamba, hata yule mkubwa wao ambaye hupenda sana kuamrisha. Mwishowe wakaamua mwenye shamba awe mwembe. Wakaupa mgongo, wakanyata kando ya ukuta, wa mbele akiinua mkono wengine wanasimama. Msichana mdogo kuliko wote alikuwa amemfunga mwanasesere mgongoni kwa leso yangu, na amemziba mdomo kwa kiganja.

Nilizima jiko, nikawaacha wavuke.