Je, Ni Uongo Kutoboa Kichwa Bila Kutibu?

Ugonjwa wa Parkinson hutetemesha mikono na kukaza mwili, kwa sababu chembe fulani za ubongo hufa. Huko Marekani madaktari walijaribu kuingiza ubongoni jeni ya kuzilinda. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, wagonjwa 38 walipewa jeni hiyo. Wengine 20 walitobolewa fuvu kidogo tu, wasipewe kitu. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalionyesha nafuu, bila tofauti ya maana. Bila wale 20, tiba hiyo ingesifiwa bure.

Je, walidanganywa? Twasema hapana. Walielezwa mapema kwamba yeyote aweza kuangukia upande huo, nao wakakubali. Sisi tuliotia dole gumba kwenye karatasi tusizosomewa twajua tofauti yake. Anayeuomba mwili wa mwenzake, hata kwa kazi njema, kwanza ampe ukweli wote.