Sheria ya Farasi na Shule ya Kuisomea

Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwakusanya wanasheria kuzungumzia sheria za mtandao, na mmoja wa waalikwa alikuwa Jaji Frank Easterbrook. Wenyeji wake walitaraji pongezi kwa kufungua uwanja mpya wa elimu. Yeye akawaambia uwanja wenyewe haupo. Kesi za farasi ziko nyingi, alisema: farasi aliyeuzwa, farasi aliyempiga mtu teke, leseni za mashindano ya farasi. Lakini hilo halitoshi kuzichota zote na kuanzisha somo liitwalo Sheria ya Farasi. Asome mtu mikataba, asome madhara, asome umiliki, na hao farasi atawamudu tu.

Mwaka 1999 Lawrence Lessig, wakati huo akifundisha Harvard, alimjibu kwamba mtandao una kitu ambacho farasi hana. Programu zenyewe zinatawala. Aliyeziandika ameshaamua uone nini, ufichwe nini na nani akufuatilie, kabla hata bunge halijakaa kikao.

Mabishano hayo ya Wamarekani wawili yalinirudia mwaka huu kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ana shahada ya sheria kutoka hapa hapa Dar, na sasa anataka shahada ya pili ya sheria za intaneti na teknolojia. Amekubaliwa vyuo vitatu: kimoja California, kimoja Uholanzi, kimoja Nairobi. Nyumbani mjadala ulikwisha kabla haujaanza, kwamba mtu hawezi kukubaliwa Marekani halafu aende Nairobi, eti kusoma nini? Yeye akanipigia: "Kaka, ungekuwa wewe ungeenda wapi?"

Ushauri unaotolewa kwa watu kama yeye unafanana kote: tazama nafasi ya chuo kwenye orodha za dunia, tazama ada, tazama wahitimu wameajiriwa wapi. Sina ugomvi nao, hasa huo wa ada. Ila mimi naona hapa kuna swali la maadili, na linapita pembeni bila mtu kuligusa. Shule ya sheria humfundisha mtu vifungu, na wakati huo huo humzoesha jambo gani alione la kawaida na jambo gani alione la ajabu. Hilo la pili halimo kwenye mtihani, na ndilo hudumu.

Chukua mfano. Mwanafunzi wa sheria za mtandao Marekani hataenda mbali kabla hajakutana na kifungu cha 230, cha mwaka 1996 pia, ambacho kwa ufupi kinasema mwenye jukwaa habebeshwi maneno ya aliyeandika humo. Ubishi mwingi wa kule umejengwa juu ya sakafu hiyo: kinga iwe pana kiasi gani, iishie wapi. Mbebe mwanafunzi huyo umlete kwetu mwaka 2018. Anakutana na kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazomtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ili awe na leseni, na akiamriwa kuondoa kitu ana saa 12. Mwezi Juni mwaka huo JamiiForums walijifungia wenyewe kwa muda. Mkurugenzi wao, Maxence Melo, alikuwa ameanza kupanda kizimbani tangu Desemba 2016 chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wake. Kwa aliyesomea juu ya ile sakafu, kesi hii ni ya pembezoni, mfano wa nchi za mbali unaowekwa wiki ya mwisho ya muhula. Kwangu mimi ninayeishi kwa kuandika, ndiyo somo lenyewe.

Niseme wazi hapa kwamba nina maslahi. Siku nikiitwa kituoni kwa ajili ya makala, namtaka wakili anayejua simu yangu inaweza kuchukuliwa kwa kifungu gani. Kwa hiyo ninapomshauri mdogo wangu, msomaji ajue ni mteja mtarajiwa anayesema.

Jibu rahisi lingekuwa: basi abaki huku. Lina heshima yake. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikawa cha kwanza Afrika Mashariki, na baadaye kikajulikana kwa kukataa kuisoma sheria kama vifungu visivyo na watu. Lakini jibu hilo silitoi, na sababu ni Max Schrems.

Huyu alikuwa mwanafunzi wa sheria wa Vienna, Austria. Mwaka 2011 akaenda kusoma muhula mmoja Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, jirani kabisa na makampuni makubwa ya teknolojia. Mwanasheria wa Facebook akaja darasani kuzungumza, na Schrems akashangaa jinsi alivyoielewa kidogo sheria ya Ulaya ya faragha. Akaifanya hiyo mada ya karatasi yake ya muhula. Kisha akaidai Facebook taarifa zote ilizonazo juu yake, akapewa zaidi ya kurasa 1,200, yakiwemo mambo aliyodhani ameyafuta. Oktoba 2015 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi iliyotokana na malalamiko yake, ilifuta mpango uliokuwa ukiruhusu taarifa za Wazungu kupelekwa Marekani.

Tazama vizuri kilichotokea. Wanafunzi wengine walikuwa mle mle darasani na walimsikia mwanasheria yule yule. Schrems aliona la ajabu kwa sababu alikuwa amefika na kipimo cha kwao. Angekuwa amesomea Santa Clara tangu mwanzo, pengine maneno yale yangempita kama tangazo la basi.

Ndiyo maana kile chuo cha Nairobi nimekitilia uzito kuliko orodha za dunia zinavyokipa. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja picha na video za Facebook pale Nairobi kupitia kampuni ya Sama, aliishtaki Meta. Wakili wake ni Mercy Mutemi. Meta ikasema haina ofisi Kenya, hivyo mahakama za Kenya haziwezi kuigusa. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ikaamua inaweza kushtakiwa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubali. Hoja ilikuwa ya mamlaka ya mahakama na mahusiano ya ajira, vitu vya zamani kabisa, ambavyo Easterbrook angevipigia makofi. Ila ili uvitumie hivyo lazima kwanza umwone yule kijana kwenye kompyuta kama mfanyakazi aliyeumizwa, wakati wengine wanaona "huduma" tu. Hapo Lessig naye anapata chake.

Nilipomweleza haya mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sawa kaka. Na mkopo wa ada nitaulipa kwa kesi zenu waandishi?"

Swali la haki kabisa, na sikulikwepa. Sisi hatulipi, na tukilipa tunachelewesha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na benki na kampuni za simu zinahitaji watu wa kuwaelekeza, kwa mshahara wa maana. Akienda huko sitamwita msaliti. Sipendi ile hotuba ya deni kwa taifa, maana aghalabu huhutubiwa na walioshalipwa. Nilichomwomba ni kidogo kuliko hapo. Aviandikie vyuo vyote vitatu maswali mawili: kituo chenu cha sheria na teknolojia kinafadhiliwa na nani, na mwaka jana wanafunzi wenu walishika kesi za nani?

Ameandika. California wamemtumia tena jedwali la ada. Uholanzi wamejibu la fedha, la kesi wameliruka. Nairobi mwalimu mwenyewe ameandika kurasa mbili, amejibu yote mawili, akamuuliza na yeye: wewe unataka kumtetea nani? Hilo bado hajalijibu, na mwisho wa kuthibitisha nafasi California ni Ijumaa.