Je, Bei Nzuri Yatosha?

Mtu akiuza mali yake kwa hiari, na mnunuzi akamlipa bei waliyopatana, je, haki imetimia? Wengi wetu tutajibu upesi kuwa imetimia. Lakini swali hili lina kina kuliko linavyoonekana, na tungependa kulitazama kwa mfano wa safari moja.

Mwezi wa Desemba 2018 sisi na ndugu zetu 14, wazee kwa watoto, tulikodi basi dogo tukatoka Korogwe kwenda Ushongo, wilaya ya Pangani, kukaa siku mbili. Kutoka Muheza tuliiacha lami, tukashika barabara ya udongo ipitayo kati ya mikonge na minazi. Mjini Pangani tulivuka mto kwa kivuko hadi Bweni. Huko ng'ambo tuliwaeleza watoto habari za Kikogwe, mahali ilipopandwa mwaka 1893 miche 62 ya mkonge iliyoletwa na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani. Ilipotoka Florida, Marekani, ilikuwa elfu moja. Mingine yote ilikufa njiani. Kutokana na hiyo 62 ilianza kazi ya mkonge katika nchi yetu.

Ushongo tulikuta mchanga mweupe, minazi iliyoinamia maji, na ngalawa zikirudi na samaki. Mzee mmoja mvuvi alitukaribisha kivulini mwa minazi yake, akaitikia shikamoo za watoto mmoja mmoja, akamtuma mjukuu wake atuangulie madafu. Tulipotaka kulipa alikataa kabisa.

Ndipo mpwa wetu mmoja, mfanyakazi wa mjini, akatunong'oneza: "Mjomba, mzee huyu akikubali kuuza hapa, mimi nanunua leo leo." Akamwuliza kwa adabu, na mzee akataja bei. Kwa mtu wa mjini ilikuwa bei ndogo mno. Mpwa wetu alikuwa tayari hata kumwongezea.

Usiku ule hatukulala mapema kwa mabishano. Vijana walisema, "Mzee si mtoto. Shamba ni lake, na fedha anazihitaji. Tukisema asiuze, tunamfanya kama hana akili." Hoja hii ni nzito. Kumlinda mtu asitende alipendalo ni namna nyingine ya kumdharau. Lakini dada yetu mkubwa akauliza, "Mwanangu, wewe umesikia mjini kuwa barabara ya lami itajengwa kupita upande huu. Je, yeye amesikia?" Hakuna aliyejibu.

Swali la dada yetu ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu juu ya wajibu, na ndani yake yumo mfanyabiashara apelekaye nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameziona meli nyingine nyingi za nafaka zikija. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze ghali? Cicero aliona kuwa kunyamaza peke yake si kosa. Kosa ni kutaka mwenzako asilijue ulijualo wewe, ili upate faida kwake.

Tukumbuke pia habari za Nabothi katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Kabla ya uovu wote uliofuata, Ahabu alitoa bei nzuri: shamba lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Mzee wetu hakukataa, lakini shamba lake nalo lilikuwa na wengine ndani yake: wajukuu, na wavuvi wapitao hapo kuvuta ngalawa zao. Ukijengwa ukuta, watapita wapi?

Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya Halmashauri ya Kijiji, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ni sheria njema. Lakini hakuna sheria iwezayo kumlazimisha mgeni aseme yote ayajuayo. Hilo limeachwa kwa dhamiri yake.

Asubuhi mpwa wetu alirudi kwa mzee, akamweleza habari za barabara. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Basi ngoja nizungumze na wanangu kwanza." Hakuuza. Baadaye barabara hiyo ilianza kujengwa kweli, pamoja na daraja la Mto Pangani. Mpwa wetu hana kiwanja Ushongo, na hatudai kwamba jambo hilo halimwumi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Siyo dhambi kupapenda mahali pazuri, wala kununua si dhambi. Bali kabla ya kutoa fedha, tujiulize: mwenzetu huyu angeyajua tunayoyajua sisi, angeuza kwa bei hii? Ikiwa jibu ni hapana, basi bado hatujapatana naye, hata kama amekwisha kutupa mkono.